Wamesifu Uandishi Wangu, Wamekataa Tamthilia Yangu

MASWALI YA WASOMAJI: UANDISHI NA SANAA

SWALI

Ndugu Mhariri, asalamu aleikum. Mimi ni karani katika chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiandika usiku, watoto wakishalala, tamthilia ya televisheni inayomhusu mjane mmoja na shamba la mikorosho aliloachiwa na marehemu mumewe. Hatimaye nilipeleka skripti ya sehemu ya kwanza, pamoja na muhtasari wa msimu mzima, kwenye kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam, na majibu yao ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Mhariri wa skripti anasema kwamba mazungumzo ya wahusika wangu yana uhai, na kwamba onyesho la mjane na wifi yake wakibangua korosho barazani, kila mmoja akijua kuwa mwenzake anadanganya, ni miongoni mwa maonyesho bora aliyoyasoma mwaka huu. Baada ya hapo anasema hawataichukua. Wahusika wa sehemu ya kwanza ni wengi mno, kuleta kikosi cha wapiga picha huku kusini ni gharama, na watazamaji wa mikoa mingine hawataelewa kwa nini anayedai shamba ni mpwa wa marehemu ilhali marehemu ameacha mtoto wa kiume. Anamalizia kwa kusema kwamba wangependa kusoma kazi yangu nyingine.

Kaka yangu anasema hiyo ni adabu ya mjini ya kumkatalia mtu bila kumuudhi. Rafiki yangu ananishauri niihamishie hadithi Dar es Salaam, kisha niirudishe kwao. Mimi nikisoma mistari ya juu ya barua ile nafurahi, na nikisoma ya chini natamani kuacha kabisa. Naomba unisaidie kuielewa. Nimeambatisha barua yenyewe na kurasa zangu za mwanzo.

Msomaji, Tandahimba

JIBU

Waaleikumu salamu, dada yangu. Nimezisoma kurasa zako na barua yao, nami nitaanza na kaka yako, kwa sababu hoja yake si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba vituo na kampuni za utayarishaji hutumia maneno ya heshima kufunga mlango, na mwandishi anayeambiwa tu kwamba kazi yake inavutia, au kwamba ana kipaji na asikate tamaa, hajaambiwa kitu, kwa kuwa maneno hayo yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hata ukurasa wa 3 hakuufikia. Barua yako ina kitu ambacho barua za namna hiyo hazina. Inataja baraza, inataja korosho zinazobanguliwa, na inaeleza kinachotendeka chini ya maneno ya wanawake wale wawili. Mtu huyo alisoma, akakumbuka alichokisoma, akatumia muda wa kazi kukuandikia jambo ambalo hakuwa na wajibu wa kulisema. Muda wa msomaji wa skripti ni mchache kila mahali. Nchini Uingereza, idara ya BBC inayopokea kazi za waandishi wapya kwa miaka mingi imekuwa na utaratibu wa kuanza na kurasa 10 tu za mwanzo, na kazi zilizo nyingi huishia hapo bila mwandishi kupewa maelezo yoyote.

Kwa hiyo sifa ni za kweli, na kukataliwa nako ni kwa kweli. Mambo haya mawili hayagongani kama unavyodhani, kwa sababu kila moja limejibu swali lake. Msomaji wa kwanza wa skripti huulizwa kama mwandishi anajua kazi yake. Wanaoamua kuichukua tamthilia, ambao mara nyingi si mtu yule yule aliyeisoma, huulizwa kama wana saa ya kuirusha, kama bajeti ya mwaka inaibeba, kama hawana tayari tamthilia nyingine inayohusu mirathi, na kama wenye matangazo wataitaka. Mwandishi anaweza kufaulu swali la kwanza kwa alama zote na bado swali la pili likamwangusha, na inapotokea hivyo barua inayoandikwa huwa na sura mbili kama hiyo yako. Nakuomba usiisome kama hukumu moja iliyochanganyikana sukari na shubiri. Chukua kalamu uigawe: sentensi zinazozungumzia mkono wako ziweke upande mmoja, na zile zinazozungumzia mfuko wao na ratiba yao ziweke upande wa pili.

Ukizigawa hivyo utaona kwamba sababu tatu walizokupa hazina uzito sawa.

Ya wahusika ni kosa la kiufundi, nao wana haki. Katika kurasa ulizoniletea nimekutana na watu 14 wenye majina kabla mjane hajatoka msibani, na watatu kati yao wanaitwa kwa majina yanayoanza kwa herufi moja. Msomaji wa kitabu anaweza kurudi nyuma akajikumbusha nani ni nani, lakini anayetazama televisheni sebuleni huku akimlisha mtoto hana nafasi hiyo. Fikiria pia urefu. Kipimo kinachotumiwa na watayarishaji ni kwamba ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa muundo wa kawaida huwa takriban dakika moja kwenye skrini, na kwa hiyo kipindi cha nusu saa, ukiondoa matangazo, huhitaji kurasa kati ya 22 na 26 hivi. Kutokana na idadi ya maonyesho uliyoorodhesha kwenye muhtasari wako, sehemu yako ya kwanza imezidi hapo, ingawa wao hawakulitaja. Mazishi, kikao cha ukoo na siku ya mnada vyote umevibana katika sehemu moja. Uache mnada usubiri.

Ya gharama ni ya kwao, nawe huwezi kuitatua, ila unaweza kuipunguza makali. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, na bado kuna kupanda kwenda uwandani Tandahimba. Kikosi cha tamthilia huja na waigizaji, taa, vinasa sauti, jenereta na wapishi, na wote hao hulala na kula. Lakini ipo gharama nyingine ambayo mtu wa Dar es Salaam huenda asiione na wewe unaijua kuliko sisi sote, nayo ni ya majira. Umeandika watu wakiokota korosho chini ya mikorosho yenye mabibo mekundu, na katika sehemu hiyo hiyo vijana wanapulizia salfa kukinga ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Wewe ni karani wa korosho, dada yangu. Unajua kwamba salfa hupuliziwa katikati ya mwaka, mikorosho inapochanua, na kwamba korosho huanza kukusanywa kwa wingi kuanzia mwezi wa 10. Hadithi yako imepita miezi hiyo kwa kugeuza ukurasa mmoja, ila mtayarishaji atalazimika kukileta kikosi mara mbili au kukikalisha huko nusu mwaka. Yaweke shambani maonyesho machache yasiyoepukika, yote ya majira mamoja, na mengine uyahamishie barazani, katika ofisi ya chama cha msingi na ndani ya ghala. Maeneo hayo matatu yanapatikana mwaka mzima, na mawili ya mwisho unayajua kwa ndani kiasi ambacho mwandishi wa mjini hawezi kukufikia. Mkulima anayesubiri kusomewa uzito wa magunia yake huku akiangaliwa na mtu anayemdai hahitaji mandhari ya shamba ili atushike.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya niikalie barua yako kwa muda mrefu, kwa sababu hapo nadhani mhariri yule ameona tatizo kweli lakini amelitafutia chanzo mahali pasipo pake. Wewe umekulia katika jamii ambayo kwa jadi ukoo hufuatwa upande wa mama. Kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamwera na Wamakua, mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, nao walikuwa wa ukoo wake kwa namna ambayo watoto wa kumzaa mwenyewe hawakuwa. Mpwa anaposimama kudai mikorosho ya mjomba, mtazamaji wa Newala haulizi swali lolote. Anajua dai hilo lilikotoka hata kama halikubali, na anajua pia kwamba siku hizi sheria za nchi, dini na mahakama ya mwanzo kila moja ina neno lake katika jambo hilo. Mtazamaji wa Tarime au wa Moshi, ambako mtoto ni wa ukoo wa baba, atadhani mwandishi amekosea. Mhariri ameona mshangao huo akauita kizuizi. Mimi nauona kuwa ndio mtaji wa tamthilia nzima, kwa kuwa sioni hadithi nyingi za mirathi kwenye televisheni zetu ambazo ugomvi wake si ule wa kaka wa marehemu na mjane.

Hata hivyo mtaji huo umeufukia. Katika kurasa zako mpwa anaingia akidai, na hakuna mahali tulipoandaliwa kuamini kwamba ana la kudai. Najua njia ya haraka itakayokujia: utamleta mgeni kutoka mkoa mwingine aulize, na mzee mmoja amjibu kwa hotuba ya nusu ukurasa. Tafadhali usifanye hivyo. Kila mtazamaji hutambua pale wahusika wanapoacha kuishi wakaanza kufundisha. Afadhali atende. Siku ya msiba mpwa ndiye awapokee wazee, ndiye alipe deni la sanda bila kuombwa, na anapoingia kikaoni mtoto wa marehemu ainuke kwenye kiti na kumpisha, bila mtu yeyote kuona ajabu. Tukishayaona hayo, siku ya kikao akisema shamba ni lake tutakuwa tumekwisha kujua kwamba ana haki ya namna fulani, nasi tutakuwa na mashaka, na mashaka ya mtazamaji ndiyo yanayomrudisha wiki ijayo. Fanya vivyo hivyo kwa kangomba. Umelitaja neno hilo mara nyingi, ukitegemea kila mtu anajua kwamba ni biashara iliyopigwa marufuku ya kununua korosho za mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Nchi nzima ililisikia neno hilo mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, lakini kulisikia neno kwenye taarifa ya habari si kuijua aibu ya mama anayeuza mavuno yake yakiwa bado mtini ili apate ada ya shule. Onyesho moja la mjane akizihesabu noti za mnunuzi huyo gizani litamaliza kazi ambayo maelezo yote uliyoandika hayajaimaliza.

Umeshaona, basi, kwa nini simuungi mkono rafiki yako. Ukiihamishia hadithi Dar es Salaam, shamba litageuka kiwanja, mpwa atageuka kaka wa marehemu, na baraza litageuka sebule yenye makochi. Utabaki na tamthilia ambayo kituo kile kinazo nyingi tayari, tena zilizoandikwa na watu wanaoijua Sinza kukuzidi. Zaidi ya hayo, utakuwa umeliondoa onyesho lile lile walilolisifu.

Sasa kuhusu kuwajibu. Wajibu ndani ya wiki chache, kwa ufupi, bila kujitetea. Washukuru kwa kusoma, taja jambo moja katika maelezo yao ambalo umelikubali, kisha waeleze kazi nyingine uliyo nayo na lini itakuwa tayari. Waweza kuandika hivi: “Nashukuru kwa maelezo yenu kuhusu sehemu ya kwanza. Nimeona kwamba wahusika wamezidi, nami nalifanyia kazi jambo hilo. Mmenikaribisha niwaletee kazi nyingine. Ninayo hadithi inayotendeka katika ofisi ya chama cha ushirika wakati wa msimu wa mnada, na nitawatumia muhtasari na kurasa za mwanzo zikikamilika, kama bado mnapokea.” Inatosha. Usiwaambie ulivyolia, wala usiwaulize kama wana hakika na uamuzi wao.

Wala usiwarudishie tamthilia ile ile iliyorekebishwa. Barua imesema kazi nyingine, na aliyeiandika alichagua maneno yake. Angetaka marekebisho angeyaomba. Kumpelekea skripti aliyokwisha kuikataa ni kumrudisha kwenye kikao ambacho bosi wake alikwisha kukifunga. Ile ya mjane irekebishe kwa faida yako, kisha uipeleke kwingine. Hapo nakushauri uangalie zaidi kampuni za utayarishaji, kwa sababu vituo vingi vya kwetu hupenda kuagiza tamthilia kutoka kampuni yenye vifaa, kikosi na usajili, badala ya kununua skripti tupu kwa mwandishi mmoja mmoja. Mtayarishaji akiipenda, swali la gharama ya kusini linakuwa lake la kupigia hesabu, na huenda akaja na jibu ambalo wewe na mimi hatukulifikiria. Ukiandika barua ya kuipeleka huko, usitaje kwamba kituo fulani kiliisifu kikaikataa. Najua inavuta kuitumia sifa ile kama cheti, lakini anayesoma ataishika nusu ya pili.

Jambo la mwisho kwako ni kwamba mwaliko wao si ahadi ya kununua. Umekupa msomaji anayelijua jina lako, na barua yako ijayo itafunguliwa na mtu anayekumbuka baraza na korosho. Wahariri wa skripti huhama vituo mara kwa mara, kwa hiyo usikae mwaka mzima ukiing’arisha hiyo kazi ya pili.

SWALI

Ndugu Mhariri, nami niliwahi kupeleka wazo la tamthilia nikajibiwa kwamba wazo ni zuri lakini kwa sasa hawalihitaji. Baadaye kituo hicho kilirusha tamthilia inayohusu, kama yangu, wavuvi na gesi baharini. Watu wa hapa wananiambia nimeibiwa. Nifanye nini?

Msomaji, Lindi mjini

JIBU

Pole, ndugu yangu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, hulinda kazi iliyokwisha kuandikwa au kurekodiwa: mazungumzo yako, mpangilio wa matukio uliouandika, wahusika uliowajenga. Wazo lenyewe haililindi, na kwa haki, kwa sababu mtu akimiliki wazo la wavuvi na gesi, hakuna mwingine wa pwani yote ya Lindi na Mtwara, kutoka Songo Songo hadi Msimbati, atakayeruhusiwa kuandika kuhusu maisha yake. Kwa maelezo uliyonipa, ulipeleka aya chache. Kama kinachofanana ni mada tu, hilo si wizi. Waandishi wawili wanaoitazama bahari moja huandika habari moja mara nyingi kuliko tunavyokubali.

Ikiwa ulipeleka skripti kamili na umeyaona maonyesho yako yakichezwa, hiyo ni habari nyingine. Kusanya barua pepe zenye tarehe, nakala ya skripti kama ilivyokuwa siku uliyoituma, na orodha ya yanayofanana onyesho kwa onyesho, kisha uende COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki, au kwa wakili, kabla hujaandika lolote mtandaoni. Ulinzi wa kisheria huanza pale unapoiandika kazi, bila kungoja usajili, lakini cheti cha usajili husaidia sana mnapofika mahali pa kubishana nani alitangulia. Msomaji wetu wa Tandahimba naye aisajili skripti yake kabla ya kuitawanya kwa watayarishaji.

Na kuhusu ile sentensi ya wazo zuri wasilolihitaji: linganisha na barua iliyotangulia, uone kwamba wewe hukuambiwa lolote kuhusu uandishi wako, kwa sababu hukuwapa uandishi wa kusoma. Wakati mwingine peleka kurasa.

SWALI

Mhariri, mimi nilijibiwa mstari mmoja tu: “Asante, kazi yako haiendani na mahitaji yetu kwa sasa.” Je, nao niutafutie maana?

Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU

Hapana. Rudi kwenye tangazo lao ulisome upya. Kama walitaka vichekesho vya nusu saa nawe ukawapelekea tamthilia ya huzuni ya dakika 50, mstari huo umekwisha kukujibu. Kama ulichopeleka kinaendana na tangazo, tafuta tangazo la kituo kingine na uipeleke huko wiki hii, bila kubadilisha hata neno moja.